Mita 40 za waya: shajara ya antena ya mama mkwe

Jumamosi, 24 Februari 2024

"Mkwe, hii TV inatafuna maneno."

Nilikuwa hata sijavua viatu. Shikamoo yangu imejibiwa nusu, nusu iliyobaki ikawa mashitaka: tangu mvua za vuli, taarifa ya habari ya saa mbili usiku haijafika hali ya hewa bila kuganda. Mtangazaji anafungua mdomo, uso unagawanyika vipande vya mraba, sauti inakwaruza, kisha kimya. Akirudi anamalizia "...na wengine wanne wamelazwa", na mama hajui wamelazwa kwa lipi. Ramadhani imebaki wiki mbili na ushei. Nimeelewa kwamba huo ndio muda niliopewa.

Nyumba iko Mjimwema, Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba bati hubadilishwa kabla rangi ya ukuta haijapauka. Antena ni ile ya miiba, ya UHF (masafa ya mawimbi ya TV), juu ya bomba la chuma nyuma ya jiko. Kutoka hapo waya unafuata ukingo wa bati, unaingia darini, unashuka dirishani mwa sebule, unapita kwenye kiboksi cha busta, cha kukuza mawimbi, nyuma ya TV na kuishia kwenye king'amuzi. Fundi aliyefunga yote hayo aliitwa tena Januari. Akasema antena imechoka. Ikanunuliwa mpya, picha ikatulia siku tatu.

Nimefungua ukurasa wa mawimbi kwa rimoti, chaneli ya TBC1, saa kumi na moja jioni. Nguvu 78. Ubora unacheza kati ya 15 na 40. Nimeandika kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya TV kwa solotepu, iwe ndiyo hali ya kuanzia.

Asilimia hizi si kipimo cha maabara, maana kila mtengenezaji wa ving'amuzi ana hesabu zake. Lakini king'amuzi kikiwa kilekile na chaneli ileile, leo unaweza kuilinganisha na kesho. Na hapa zinasema kitu: nguvu tele, ubora hakuna. Kinachofika ni kingi, ila ni kichafu.

Jumapili, 25 Februari

Asubuhi nimezunguka mtaa nikitazama juu kama mtu anayetafuta njiwa. Antena za majirani zote zimeelekea kaskazini-magharibi, ng'ambo ya maji, upande wa mjini, na miiba yake imelala. Ya mama nayo hivyo hivyo. Mwelekeo si tatizo.

Kisha nimefanya kipimo ambacho kilipaswa kufanywa Januari kabla ya mtu yeyote kununua chochote. Nimebeba king'amuzi, TV ndogo ya shemeji na waya wa umeme wa kurefushia hadi chini ya mlingoti. Nikachomoa waya wa zamani kwenye antena, nikaunga kipande changu cha mita 2 moja kwa moja kutoka antena hadi king'amuzi. Bila busta. Watoto wa jirani wakakusanyika wakidhani tunaonyesha mpira.

Nguvu 66. Ubora 92, hautikisiki.

Nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikaangalia kipindi cha mapishi dakika ishirini nzima, haikuganda hata mara moja. Nguvu imeshuka, ubora umepanda zaidi ya mara mbili. Maana yake antena ya zamani huenda haikuwa imechoka hata kidogo, na mwizi yuko katikati ya antena na sebule.

Enzi za analojia mwizi huyu angejitangaza mapema. Waya ukianza kuoza, chenga zingeonekana, kidogo kidogo, ungeziona zinaongezeka mwezi hadi mwezi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa 31 Desemba 2012, onyo hilo halipo tena. Dijitali inakupa picha safi mpaka ukingoni, halafu inakudondosha. King'amuzi kinasahihisha makosa ya mawimbi kadiri kinavyoweza, na kikishindwa kinashindwa kwa mkupuo. Kwa hiyo waya wa mama huenda umekuwa ukioza miaka, na vuli ya mwaka jana, iliyokuwa na mvua za kufa mtu, imekuja kumalizia tu.

Nimeshusha waya wote, nimeukunja nimetia kwenye begi. King'amuzi na ile TV ndogo nimeviweka jikoni, kwa kuwa mlingoti uko nyuma ya ukuta wa jiko na mita zangu 2 zinafika dirishani. Wiki hii habari zitaangaliwa kwenye mkaa. Mama amekubali kwa sauti ya mtu anayehesabu siku.

Jumatano, 28 Februari

Uchunguzi wa maiti, mezani kwangu, kwa wembe.

Waya wenyewe haukuwa mmoja. Ni vipande vitatu, viungo viwili. Kipande cha nje kimeandikwa "75 OHM", yaani om 75, kipimo cha ukinzani wa waya kwa mawimbi, na hakuna kingine: hakuna aina, hakuna jina. Nimepasua gamba la plastiki, nikahesabu nyuzi za wavu unaozunguka waya: 16. Kumi na sita tu, nyembamba kama nywele, zimeachana kiasi kwamba utando wa foili ulio chini yake unaonekana wazi. Na foili yenyewe haizunguki mzunguko mzima, imeacha ufa.

Kiungo cha kwanza kilikuwa juu ya dari. Kimesokotwa kama nyaya za umeme wa nyumbani: kiini kwa kiini, wavu kwa wavu, kila kimoja na tepu yake nyeusi, halafu tepu nyingine juu ya yote. Gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto la bati ikawa asali. Nimeifungua na shaba ya ndani ilikuwa ya kijani. Nikakata sentimita 10 mbele, bado kijani. Nusu mita, nyeusi. Nimekata na kukata mpaka mita 2 kutoka kwenye kiungo ndipo shaba ikaanza kung'aa. Maji hayakuishia pale yalipoingia, yalisafiri ndani ya waya chini ya gamba, yakilowesha wavu njia nzima. Sponji nyeupe inayozunguka kiini imekuwa rangi ya chai.

Kiungo cha pili, karibu na dirisha, kilikuwa kikavu. Lakini sentimita 30 kutoka pale, dirisha la aluminiamu la kuteleza limekuwa likifungwa juu ya waya kila usiku. Pale waya umebonyea, bapa kama biskuti.

Kwa nini kubonyea kunadhuru ikiwa shaba haijakatika? Kwa sababu zile om 75 hazitokani na shaba. Zinatokana na uwiano wa vipenyo viwili, cha kiini na cha wavu unaokizunguka, pamoja na kile kilichojazwa katikati yao. Ukikisogeza kiini karibu na wavu, pale mahali pamoja om si 75 tena, na sehemu ya mawimbi inageuka kurudi ilikotoka. Kusokota kunafanya hivyo hivyo: kwenye kile kiungo kiini kimetoka nje ya wavu kabisa, kikawa antena ndogo yenyewe, kinapokea kelele za taa na chaja za simu za nyumba nzima.

Nimepiga na hesabu ya upotevu. Kwenye masafa ya megahezi 600 hivi, yaani katikati ya UHF, waya mzuri wa aina ya RG-6 hupoteza takribani desibeli 17 kwa kila mita 100. RG-59, mwembamba kuliko huo, takribani 23. RG-11, ule mnene kama kidole cha mtoto, kati ya 11 na 12. Kila desibeli 3 ni kukata nusu. Mita 28 za RG-6 ni karibu desibeli 5, yaani mlangoni kwa king'amuzi inafika kama theluthi moja ya kilichotoka kwenye antena. Inaonekana hasara kubwa lakini king'amuzi kinaimudu bila shida. Huu waya wa nyuzi 16 wenye maji ndani sina namna ya kuuhesabia.

Na sasa busta. Ile ilifungwa nyuma ya TV, mwisho wa safari, baada ya waya kufanya uharibifu wake wote. Busta haijui kipi ni mawimbi na kipi ni kelele, inakuza vyote. Ndiyo sababu Nguvu ilisoma 78. Kama mtu ana haja na busta, mahali pake ni juu ya mlingoti, kabla waya haujaanza kula. Mama hana haja nayo. Nimeitia kwenye droo.

Jumamosi, 2 Machi

Kariakoo. Nimeingia maduka manne, na katika matatu nimeulizwa "unataka waya wa dishi?" Jina hilo linatosha kwa kazi hii, kwa kuwa waya wa dishi ni RG-6 na unafaa antena bila tatizo. Shida ni kwamba RG-6 imekuwa jina la kuandika juu ya chochote cheupe.

Katika duka la kwanza kijana alinipa roli zuri, zito, bei ya chini. Limeandikwa RG58. Hiyo ni ya om 50, ya redio za mawasiliano. Watu hukuza sana kosa la om 50 kwa 75. Lenyewe ni dogo. Kibaya ni kwamba RG-58 hupoteza karibu mara mbili ya RG-6 kwa urefu uleule. Nimeshukuru nikatoka.

La pili walikuwa na 5C-2V, waya wa mtindo wa Kijapani ambao mafundi wa zamani wanaupenda. Herufi zake si mapambo: 5 ni unene wa plastiki ya ndani kwa milimita, C ni om 75, 2 ni plastiki ngumu isiyo na sponji, V ni wavu mmoja chini ya gamba la PVC. Hauna foili, ila shaba yake ni shaba. Kwa UHF ningependa wenye sponji na foili, lakini kati ya huo na RG-6 feki, ningechukua huo nikalala usingizi.

La tatu ndipo nilipotoa sumaku. Nimebandua kiini cha kipande cha mfano, sumaku ikakidaka: chuma kilichopakwa shaba. Muuzaji akaanza kujitetea kabla sijasema neno, na alikuwa na haki ya kujitetea. Kwenye masafa haya mkondo haupiti katikati ya waya, unapita kwenye ngozi yake tu, kina kisichofika sehemu tatu za elfu moja za milimita. Shaba ya kupaka inatosha kabisa kwa mawimbi. Nyumba nyingi zinatazama TV kwa waya wa chuma uliopakwa na hazijui.

Sababu yangu ya kukataa ni chumvi. Konekta ya F, kichwa kinachofungwa mwishoni mwa waya huu, haina pini yake, kiini cha waya chenyewe ndicho pini. Pale unapokikata ncha ya chuma inabaki wazi, na Mjimwema ncha ya chuma iliyo wazi haimalizi mwaka bila kutu. Ningekuwa nafunga Dodoma ningechukua cha chuma, nikaokoa hela.

Duka la nne: kiini cha shaba tupu, milimita 1, foili iliyogandishwa juu ya sponji na kupishana vizuri, na wavu ambao nimeomba ruhusa kuuhesabu. Kijana ameniangalia nikihesabu mpaka mwisho. 64. "Mzee, wewe ni wa kwanza," amesema, na sina hakika kama ilikuwa sifa. Mita 40, ingawa nahitaji 28, kwa sababu sitaki kiungo tena maishani mwangu.

Kisha vichwa. Konekta za F ziko namna tatu. Ya kuzungusha, unaisokota kwa mkono juu ya waya kama kifuniko cha chupa: rahisi, bei ya pipi, na ukiuvuta waya inatoka. Ya kubana kwa koleo, ambayo ni nzuri ukiwa na koleo lake lenyewe la pembe sita, na mbaya sana ukitumia plaisi, kwa kuwa plaisi inaibonyeza bapa na tumerudi kwenye biskuti. Na ya kugandamiza, ambayo koleo lake linaisukuma kutoka nyuma mpaka mkia wake unaingia ndani na kukaba gamba pande zote sawasawa. Hii ndiyo inayozuia maji. Koleo lake limenigharimu kuliko vichwa vyote pamoja na nauli ya pantoni ya mwezi. Mke wangu amepewa taarifa kuwa ni uwekezaji.

Cha mwisho, adapta. Nyuma ya king'amuzi hakuna nyuzi za kufungia F, kuna tundu la kusukuma. Plagi hiyo ina asili ya Uingereza, kwenye kampuni ya Belling & Lee miaka ya 1920, wakati watu walikuwa wanasikiliza redio, na bado tunaisukuma ndani ya TV zetu bapa. Zile za plastiki zenye skrubu ndogo ndani nimeziacha. Nimechukua adapta mbili za chuma, upande mmoja F, upande mwingine ya kusukuma.

Jumapili, 3 Machi

Siku ya kazi, na ya aibu.

Nimeanza juu. Nimefungua kiboksi cha plastiki katikati ya antena, pale waya unapoungwa, nikakuta sisimizi wamehamia na mayai yao, mwezi na nusu tu tangu antena inunuliwe. Ndani kuna kibao kidogo chenye vijikoili viwili. Kazi yake ni kupatanisha om 300 za ule mwiba uliokunjwa kama kitanzi na om 75 za waya. Nimewafukuza kwa brashi, nikapitisha msasa laini kwenye miguso.

Kisha vichwa. Kuna mchezo wa milimita hapa. Unakata gamba, unaacha wavu na sponji kiasi cha milimita 6 au 7, na mbele yake kiini kitupu urefu huohuo. Wavu unaugeuza nyuma juu ya gamba, kama mkono wa shati unaokunjwa. Foili inabaki ilipo, imelala juu ya sponji. Ukisukuma konekta, sponji nyeupe isimame sawa na sakafu ya ndani ya konekta, isipite, isipungue, na kiini kichungulie milimita 2 hivi nje ya mdomo wa nati. Cha kwanza nimeharibu. Cha pili nimeharibu. Cha tatu kimekubali, cha nne kimekubali, nikaanza kujisikia fundi.

Nimepitisha waya: kutoka mlingoti, chini ya ukingo wa bati kwa vishikizo vya mviringo, si misumari ya kupinda. Mahali pa kona nimeuacha uzunguke kwa upana wa sahani ya chai. Kuingia ndani sikurudi dirishani, nimetoboa ukuta tundu linalopanda kidogo kuelekea ndani, ili maji ya nje yasishawishike kuingia. Njia hii ni fupi, zimetumika mita 26.

Saa kumi nimechomeka adapta, nimewasha. Mama amevuta kiti. King'amuzi kimeandika, kwa herufi nyekundu, kwamba antena ina shoti.

Ving'amuzi vingi hutoa volti 5 kwenye tundu la antena kwa ajili ya busta, na vikihisi kiini kimegusana na wavu hulalamika. Nimetoa mita ya umeme, nikapima kati ya kiini na ganda la konekta: inalia, yaani vimegusana. Nikachomoa upande wa king'amuzi: inalia. Nikabadilisha kichwa cha sebuleni: inalia. Nikabadilisha tena. Vichwa vinne vimekwenda na jasho la kutosha, ndipo nikakumbuka kwamba upande wa pili waya bado umeungwa kwenye antena, na vile vijikoili ndani ya kiboksi, kwa umeme wa betri ya mita, ni waya tu ulionyooka. Lazima ilie! Hata antena nzima kabisa inaonekana ina shoti ukiipima hivyo. Waya hupimwa pande zote mbili zikiwa zimechomolewa. Nalijua hilo. Nimelijua miaka. Nimepanda tena, nimechomoa juu, nimepima: kimya. Waya mzima.

Volti 5 nimezizima kwenye menyu ya king'amuzi, kwa kuwa hakuna busta ya kuzila. Maandishi mekundu yameondoka. Badala yake: hakuna mawimbi.

Saa kumi na mbili jioni, kwa tochi ya simu, nimegundua kwamba kile kichwa cha mwisho nilichobadilisha sebuleni hakina kiini kinachochungulia. Nilikikata kifupi mno, kimeishia ndani ya konekta hakigusi kitu. Nimekifanya upya palepale, nimeshika wembe kwa meno.

Nguvu 61, Ubora 90. Saa mbili kasoro dakika nane. Mama ametazama habari mpaka hali ya hewa, halafu michezo, ambayo haipendi. Hakusema lolote kuhusu ubora. Alisema rangi ya tai ya mtangazaji ni mbaya.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ni kuzuia maji tu, ila kwangu ndiyo nusu ya kazi.

Kwenye konekta ya juu nimepaka grisi kidogo ya silikoni ndani ya nyuzi za nati. Fundi mmoja jirani alinishauri nijaze silikoni ya kuzibia madirisha. Nimeinusa: inanuka siki. Ile ya aina hiyo hutoa asidi inapokauka, na asidi kwenye shaba ni kuandaa kutu ya kijani mwenyewe.

Tepu ya mpira inayojishika yenyewe sikuipata kwenye maduka ya Kigamboni, hivyo nimekata mpira wa ndani wa baiskeli ukanda wa vidole viwili, nikauvuta na kuufunga nikianzia chini kupanda juu. Watu hufunga kutoka juu kushuka kwa kuwa mkono unapenda hivyo. Lakini fikiria makuti: anayeezeka huanza chini, ili la juu lilalie la chini na maji yateleze. Ukifunga kinyume kila mkunjo unakuwa mdomo uliofunguliwa mbinguni. Juu ya mpira, tepu nyeusi, kuukinga na jua.

Mwishowe nimeuacha waya ushuke chini ya konekta, upinde kama tumbo la bakuli, ndipo upande kwenda kwenye bati. Maji yanayoteremka na waya yatadondokea pale chini ya tumbo.

Kwenye tundu la ukutani kuna konekta mbili zilizoungana kwa kiungo cha chuma, kwa kuwa nilitaka kipande cha ndani kiweze kutolewa wakati wa kupaka rangi. (Ndiyo, ni kiungo. Nimevunja kiapo changu ndani ya wiki.) Nimefunga tepu tu, maana iko chini ya upenu na jua lilikuwa linazama.

Jumapili, 5 Mei

Wiki nane sijaandika kwa sababu hapakuwa na la kuandika. Ramadhani imepita na Idi imepita. Masika yamenyesha Aprili nzima. Nguvu ilicheza 59 hadi 62, Ubora haukushuka chini ya 88.

Jana Kimbunga Hidaya kimeingia nchi kavu Mafia, na ingawa kilikuwa kimepungua nguvu, Dar es Salaam tumelala tukisikiliza bati. Asubuhi nimevuka kwenda kuangalia. Mnazi wa jirani umelala kwenye uzio. Mlingoti umesimama, lakini antena imegeuka, inaangalia bahari kama mtu anayesubiri wageni. Nguvu 43, Ubora 71. Picha haijaganda hata hivyo. Ile akiba ambayo zamani iliishia kwenye waya ndiyo iliyomvusha mama usiku wa jana akifuatilia taarifa za kimbunga kwenye TV.

Nimeirudisha, nimekaza nati za kishikizo, na kupiga mstari wa rangi nyekundu kwenye bomba na kishikizo pamoja. Ikigeuka tena tutaona kwa macho bila mita.

Nimefungua vifungashio vyote viwili kuviangalia. Kile cha mpira wa baiskeli: kikavu, shaba inang'aa kama nilivyoiacha. Kile cha upenu, cha tepu tupu: tone la maji ndani ya nati, na utandu wa kijani umeanza kwenye kiini. Mvua ya Hidaya ilikuja kwa ubavu, upenu haukuwa na maana. Nimekata vichwa vyote viwili, nimefunga vipya, na safari hii mpira umehusika.

Jumapili, 12 Mei

Leo intaneti imekatika. Nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimepata hitilafu, na simu zote nyumbani zimekuwa tochi. Shemeji na wanawe wawili, ambao tangu Februari wamekuwa wakiniuliza kwa nini nahangaika na antena karne hii, wamekuja sebuleni mmoja mmoja, wakakaa. Mama amekataa kubadilisha chaneli. Kukatokea maneno.

Suluhu iliyofikiwa ni TV ya pili, chumba cha nyuma, ile ndogo ya shemeji, yenye king'amuzi ndani yake. Hiyo inataka spilita ya njia mbili, na spilita haigawi bure: kila upande unapata nusu, na kwa vitendo desibeli 3 na nusu hivi zinakwenda. Tukiwa na Ubora wa 90, ninazo za kugawa. Kabla ya Machi nisingethubutu.

Nimepima kwa futi kamba kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma, nikifuata ukuta: mita 11. Kati ya zile 40 zimetumika 26, na mita 1 imeishia kwenye vichwa nilivyoharibu. Zimebaki 13. Vichwa vya konekta vimebaki viwili, na mkono wangu naujua, kwa hiyo kesho nitapita Kariakoo.